MIZANI MBILI KWA MTOTO MMOJA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu wa Bukoba, Muleba na kwingineko katika mkoa wetu wa Kagera, liko swali ambalo jamii yetu hulijibu kila mara bila ya kulitafakari: mtoto huanza lini kuwa mhalifu? Akikamatwa mvulana wa miaka kumi au kumi na moja na mkungu wa ndizi usio wake, au debe la kahawa, au simu ya mtu, au dagaa walioanikwa mwaloni, watu hukusanyika. Kabla ya mtendaji wa kijiji kuitwa, hukumu huwa imekwishatoka: "Huyu si mtoto, huyu ni mwizi aliyekomaa." Anayejaribu kumtetea huambiwa kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka.

Sasa mtazameni mtoto huyohuyo siku baba yake anapofariki na kumwachia kibanja cha migomba. Kikao cha ukoo kinakaa, baba zake wadogo wanazungumza, na maneno yanageuka: "Huyu bado mtoto, hajui kitu." Kibanja kinagawanywa mbele ya macho yake, kahawa inavunwa na wengine, na akiuliza anaambiwa akacheze.

Tunauliza: huyu ni mtoto au ni mtu mzima? Ikiwa ni mtoto mbele ya mali yake, vipi amekuwa mtu mzima mbele ya fimbo? Allah (s.w.) ameteremsha sura nzima, Suratul-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwatolea onyo wale ambao wakijipimia hujaza na wakiwapimia wengine hupunguza. Wengi wetu tunadhani aya zile zinamhusu muuza sukari wa sokoni peke yake. Wallahi, mwenye kumwongezea yatima umri ili ampige, kisha akampunguzia umri ili amle mali yake, naye ana mizani mbili mkononi.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE

Ni vyema kila anayezungumzia jambo hili alijue kwanza. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, Sura ya 16, kifungu cha 15, inasema kuwa aliye chini ya umri wa miaka 10 hawajibiki kwa jinai kwa tendo lolote. Aliye chini ya miaka 12 naye hawajibiki, isipokuwa ithibitishwe kuwa wakati wa kutenda alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hakupaswa kutenda. Akishatimiza miaka 12, kinga hiyo imekwisha.

Ikaja Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009. Hiyo imesema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, ikaamuru mashauri yake yasikilizwe katika Mahakama ya Watoto, na ikakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Haya ni mema na tunayakubali. Lakini haikuuondoa ule umri wa miaka 10. Maana yake ni kuwa mtoto wa darasa la nne au la tano anaweza kusimamishwa kizimbani, na mzigo wa kujua kama alielewa au hakuelewa ukaachwa kwa yeyote atakayemhoji.

Sheria njema nayo huhitaji mahali pa kutekelezwa. Mahabusi za watoto kwa miaka mingi zilikuwa tano tu: Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Shule ya maadilisho, ambako mtoto aliyepatikana na hatia hupelekwa, iko Irambo, Mbeya. Kutoka Bukoba mpaka huko ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mama muuza maharage wa Kamachumu atamtembelea vipi mwanawe? Na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipokagua magereza na vituo vya polisi, ripoti yake ya mwaka 2011 ilieleza kuwa watoto walikutwa wamechanganywa na watu wazima. Basi mwenye kupiga kelele "apelekwe ndani akafunzwe adabu," na ajiulize ni nani atakayekuwa mwalimu wake huko ndani.

Tena sisi watu wa Kagera tunaishi mpakani, na mpaka unatufundisha. Uganda imeweka miaka 12. Rwanda imeweka miaka 14. Burundi imeweka miaka 15. Mtoto wa miaka 11 akiiba upande mmoja wa Mutukula anaweza kufunguliwa kesi ya jinai. Akiiba hatua chache upande wa pili, hana kesi. Akivuka daraja la Rusumo au mpaka wa Kabanga, tofauti huzidi kuwa kubwa. Je, watoto wa Ngara huzaliwa na akili kuliko watoto wa Burundi? Ndugu zetu wa Zanzibar, katika Sheria yao ya Adhabu ya mwaka 2004, waliweka miaka 12. Kenya, iliyokuwa na miaka 8 tangu enzi za ukoloni, ilipandisha hadi 12 mwaka 2022. Sisi wa Bara tumebaki na 10.

SHERIA YA ALLAH (S.W.) INASEMAJE

Muislamu hana ruhusa ya kulijibu swali hili kwa hasira yake. Mtume (s.a.w.) amekwishatufundisha, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah, kwamba kalamu ya kuandika madhambi imeondolewa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka arejewe na akili. Angalieni mtoto amewekwa pamoja na nani. Hakuna kati yetu ampigaye aliyelala kwa maneno aliyoyasema usingizini.

Na bulughi ni nini? Wanachuoni wametaja dalili za kimaumbile, na pale dalili zisipodhihiri wakaweka miaka. Msingi wao ni khabari ya Abdallah bin Umar (r.a.), ambaye alijitokeza kwa ajili ya vita vya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume (s.a.w.) akamrudisha, akajitokeza siku ya Khandak akiwa na miaka 15, akamkubali. Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim. Khalifa Umar bin Abdul-Aziz alipoisikia alisema kuwa huo ndio mpaka baina ya mdogo na mkubwa, akawaandikia magavana wake. Imamu Shafii, Imamu Ahmad, na wanafunzi wawili wakubwa wa Abu Hanifa wamechukua miaka 15. Abu Hanifa mwenyewe amesema miaka 18 kwa mvulana na 17 kwa msichana, na kauli mashuhuri katika madhehebu ya Malik ni miaka 18.

Miaka hiyo ni ya Hijria. Miaka 15 ya Hijria ni takriban miaka 14 na nusu kwa kalenda inayotumika mahakamani. Hakuna hata imamu mmoja katika wanne hao aliyesema kuwa mtoto wa miaka 10 asiye na dalili ya bulughi ni mukallaf. Wamekubaliana wote kwamba asiyebaleghe hasimamishiwi hadd wala hauawi kwa kisasi, hata akiua. Jamhuri ya wanachuoni wamesema kusudio lake huhesabiwa kuwa ni kukosea, na diya hubebwa na jamaa zake.

Kisha tazameni hekima ya Qur'ani. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, Allah (s.w.) ameamuru mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakionekana kuwa na uongofu wa akili, yaani rushdi, ndipo wakabidhiwe mali zao. Bulughi peke yake haikutosha kumkabidhi shamba. Basi ikiwa aliyebaleghe bila ya rushdi hapewi migomba yake mwenyewe, kwa mantiki ipi asiyebaleghe apewe jela?

HOJA ZAO NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza: "Hayo ya kupandisha umri ni mambo ya Wazungu na mikataba yao." Ni kweli kuwa Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kwamba kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ilizihimiza nchi mwaka 2019 zisishuke chini ya miaka 14. Lakini mlikuwa wapi wakati Wazungu walipotuletea umri mdogo? Kanuni yetu ya Adhabu asili yake ni ya mkoloni Muingereza, na katika sheria ya kale ya kwao mtoto wa miaka 7 aliweza kushitakiwa. Waliupandisha kuwa 8 mwaka 1933, kisha 10 mwaka 1963, na Uingereza yenyewe ingali hapo kwenye 10. Mwaka 1993 watoto wawili wa miaka 10 walimuua mtoto mdogo huko Liverpool, nchi nzima ikapandwa na ghadhabu, na mwaka 1998 Bunge lao likafuta hata ile kinga iliyomtaka mwendesha mashitaka athibitishe kuwa mtoto wa miaka 10 hadi 14 alijua ubaya wa tendo lake. Hivyo ndivyo hasira inavyotunga sheria. Mwenye kutetea miaka 10 ndiye anayemtetea mkoloni, na miaka 15 aliisoma Umar bin Abdul-Aziz kabla Uingereza haijawa dola moja.

Hoja ya pili: "Uislamu wenyewe umeamuru mtoto wa miaka kumi apigwe akiacha Swala." Hii ni hoja ya aliyesikia nusu ya darsa. Huko ni kumlea ili azoee, si kumwadhibu kwa jinai. Swala haijamfaridhikia na kalamu bado haijaandika. Ndiyo maana mafakihi wameweka masharti: asipigwe usoni, asijeruhiwe, asivunjwe kiungo, na apigaye awe anakusudia kufunza wala si kutuliza ghadhabu zake. Na kabla ya hiyo kumi kuna miaka mitatu ya kuamrishwa kwa upole tangu akiwa na saba. Nani katika wanaotoa hoja hii aliyemfunza yatima wa jirani yake kwa miaka hiyo mitatu?

Hoja ya tatu: "Vijana wa siku hizi wanakomaa mapema, wa miaka 13 ana sauti ya mtu mzima." Tunajibu kuwa bulughi haithibitishwi kwa makelele ya sokoni wala kwa kutazama urefu wa mtu. Hududi huepushwa kwa shaka, na umri wa kukisiwa ni shaka iliyo wazi. Ama adhabu nyingine zote, hizo ni taaziri, na Sheria imeziweka mikononi mwa mtawala azipime kwa maslahi. Mtawala akisema asishitakiwe mtoto chini ya miaka 15 hata kama sauti yake imekwishakuwa nzito, hajapingana na Sheria. Amechukua tahadhari ambayo Abu Hanifa na wafuasi wa Malik walikwenda mbali zaidi yake.

Hoja ya nne: "Watu wazima watawatuma watoto kuiba." Wanawatuma hata sasa! Mtoto wa miaka 11 akiiba kahawa, haiuzi kwa mtoto mwenzake. Yuko mtu mwenye mizani na magunia aliyeipokea usiku bila ya kuuliza imetoka wapi. Akikokota nyavu zilizoibwa huko visiwani Muleba, yuko mwenye mtumbwi. Mafakihi wamesema kuwa anayemtuma mtoto asiyepambanua kuua, kisasi kinamgeukia aliyetuma, kwa kuwa mtoto amekuwa kama chombo mkononi mwake. Sisi tunakipiga chombo na kumwacha fundi aende msikitini kusimama safu ya mbele.

Hoja ya tano, na hii ndiyo yenye uzito: "Je, aliyeibiwa hana haki?" Anayo, na haipotei. Kuondolewa kalamu ya dhambi hakukuondoa dhamana ya mali. Mtoto akiharibu au akichukua kitu cha mtu, thamani yake hulipwa kutoka katika mali ya mtoto huyo kama anayo, na walii wake ndiye anayesimamia kulipa. Mjane aliyeibiwa mkungu wake atarudishiwa mkungu au bei yake. Kumvunja mtoto mkono kutamlipa nini? Na kumfunga kutampikia nini jioni ile?

YALIYOTOKEA BUKOBA MWAKA 2018

Wapo watakaosema kuwa tunatia chumvi. Basi tuwakumbushe yaliyotokea katika mji wetu wenyewe. Mwezi wa Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano katika shule moja ya msingi hapa Bukoba alituhumiwa kuwa ameiba mkoba wa mwalimu. Alichapwa, na akafariki dunia. Nchi nzima ilisikia. Iliripotiwa kwamba mkoba ule ulikuwa umesahaulika kwenye bodaboda. Mwezi wa Machi 2019 Mahakama Kuu iliyoketi Bukoba ilimhukumu mwalimu mmoja adhabu ya kifo.

Kesi ya mwalimu yule si mada yetu. Tunachotaka kila msomaji akitazame ni mpangilio wa mambo. Kulikuwa na tuhuma. Hakukuwa na ushahidi, hakukuwa na mzazi, hakukuwa na afisa ustawi wa jamii, hakukuwa na hakimu. Kanuni za viboko mashuleni za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au aliyepewa idhini yake kwa maandishi, kuchapa viboko visivyozidi vinne. Hata hicho kidogo kilikuwa na mpaka. Lakini jamii iliyozoea kusema "mwizi hana umri" imekwishafuta mipaka yote, na fimbo ikiinuliwa hakuna anayeishika.

Wala tusisahau watoto hawa wametoka wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata iliacha nyumba zenye bibi na wajukuu pekee. Ukoo mwingi uligawana vibanja ukasahau kugawana malezi. Waliokulia bila ya shamba na bila ya mlezi ndio wazazi wa baadhi ya watoto tunaowaita wezi leo. Umar bin Al-Khattab (r.a.) alisimamisha ukataji wa mkono wa mwizi katika mwaka wa njaa, na aliowasamehe walikuwa watu wazima waliobaleghe. Sisi tunajiona wakali wa dini kuliko Umar?

NINI KIFANYWE

Enyi ndugu zetu, kulaumu peke yake hakumpeleki mtoto nyumbani. Tunawausia yafuatayo:

Kwanza, Waislamu wenye nafasi ya kusikilizwa, wakiwemo wabunge, madiwani na wanasheria, waseme wazi kuwa umri wa miaka 10 haukubaliki, na kwamba kikomo kipandishwe hadi miaka 15. Hili si ombi la kuigwa kutoka nje; ni fiqhi yetu.

Pili, kila mzazi achukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mtoto asiye na cheti umri wake hukisiwa kwa sura, na mwenye hasira hukisia juu.

Tatu, kila msikiti uwe na watu wawili au watatu wanaojulikana, ambao mtoto akikamatwa watafika hapo haraka, wamtoe mikononi mwa watu, wamwite mzazi na afisa ustawi wa jamii, na wafuatane naye kituoni. Kuokoa nafsi ni ibada, hata kama adhana imekwishaadhiniwa.

Nne, mifuko ya misikiti itenge fungu la kumlipa aliyeibiwa na mtoto asiye na mali wala walii mwenye uwezo. Aliyelipwa hupoa, na aliyepoa husikiliza.

Tano, sisi walimu wa madrasa tuwe wa mwanzo kuweka fimbo chini. Mwalimu anayemfungia mtoto, kumfunga kamba au kumchapa mpaka kuacha alama hana hoja mbele ya mwalimu wa shule wala mbele ya Allah (s.w.).

Sita, maimamu wahudhurie vikao vya mirathi na waandike mali ya kila yatima mbele ya mashahidi, kama aya ya 6 ya Suratun-Nisaa ilivyoamuru kushuhudisha. Atakayesema kikaoni kuwa "bado mtoto" na aandikwe jina lake, ili siku mtoto huyo akikutwa na ndizi ya mtu, tumkumbushe kauli yake mwenyewe.

Mtoto akiitwa mtoto, na aitwe hivyo pande zote mbili: kwenye kibanja alindiwe mpaka apate rushdi, na kwenye kosa afunzwe mpaka apate bulughi.

Tunamuomba Allah (s.w.) awalinde watoto wetu, awape mayatima wetu walezi wenye kumcha, azifanye nyoyo zetu laini kwa wadogo na nzito kwa dhulma, na atuepushe na kuwa miongoni mwa wenye kupunja vipimo. Amin.

Wabillahi Tawfiq.